Orodha ya Adabu

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, mwandishi wa programu aliyeitwa Kimya alifungua mlango wa chumba cha kompyuta, akatundika mkoba wake mgongoni mwa kiti na kufuta vumbi la kibodi kwa kiganja. Ilikuwa siku ya tisa tangu amzike mdogo wake. Wenzake walimpa pole mmoja mmoja, naye akaitikia mmoja mmoja, kisha kila mtu akageukia meza yake. Skrini kubwa ya ukutani ilikuwa ya kijani kama kawaida.

Ofisi ile ilisimamia magari ya wagonjwa, siku zote saba za wiki. Kazi yake haikuwa ngumu kueleza, na Kimya alikuwa ameieleza mara nyingi kwa wageni. Muuguzi wa zahanati anabonyeza kitufe kwenye simu. Simu inatuma ombi. Ombi linafika kwenye seva, seva inalisoma na kurudisha jibu, na kila jibu hutanguliwa na namba. Mia mbili maana yake ni sawa, ulichoomba kimefanyika. Mia nne na nne, unachotafuta hakipo. Mia tano na tatu, huduma haipatikani kwa sasa, jaribu njia nyingine. Anayeomba husoma namba kwanza, na namba ikishadanganya, maneno yote yanayofuata ni porojo.

Skrini ya ukutani haikusoma maneno. Ilihesabu namba tu: mia mbili ilikuwa kijani, mia tano na tatu ilikuwa nyekundu. Miaka miwili nyuma magari yalipungua, matatu yakiwa gereji na mawili yakiwapeleka watoto wa wakubwa shuleni, na wekundu ukaanza kuchungulia kwenye kona ya skrini. Mkurugenzi alikuja akasimama mbele yake na kikombe cha chai mkononi, akautazama ule wekundu kama mtu aliyegundua doa kwenye shati lake jeupe.

"Hii rangi sitaki kuiona tena," alisema.

Hakusema anataka magari. Alisema hataki rangi, na kwa mtu wa cheo chake hilo lilitosha.

Basi ikatengenezwa orodha. Yaliingizwa humo majina ya zahanati arobaini na moja, zote za pembezoni, zote zenye wauguzi wasio na desturi ya kulalamika wala namba ya simu ya mtu wa kumlalamikia. Zahanati iliyomo ikiomba gari na gari hakuna, seva isirudishe mia tano na tatu. Irudishe mia mbili, na chini yake maneno haya: *Asante. Ombi lako limepokelewa.* Kisha ombi litupwe. Ofisini waliiita orodha ya adabu. Kuongeza jina humo hakukuhitaji ruhusa ya mtu. Kulifuta kulihitaji kadi ya Mkurugenzi, ambayo aliivaa shingoni mchana kutwa.

Mistari hiyo, kumi na minne kwa jumla, iliandikwa na Kimya. Alisema mara moja kwamba si sawa. Akaambiwa aandike, akaandika, akaenda kula chakula cha mchana.

Mdogo wake alijifungua katika zahanati ya ishirini na sita kwenye orodha hiyo. Mtoto alitoka salama, lakini damu ya mama yake ilikataa kukata. Muuguzi wa zamu aliomba gari saa nne na dakika tano asubuhi, akashukuriwa. Aliomba mara kumi na moja, akashukuriwa mara kumi na moja, na kila mara alimgeukia mgonjwa na kumwambia, "Vumilia mama, wamepokea." Mkabala na zahanati kulikuwa na kiwanda cha mbao. Uani mwa kiwanda kulikuwa na pikapu yenye mafuta ya kutosha, na dereva wake alikuwa amekaa kwenye gogo akicheza karata na walinzi. Muuguzi alimwona kupitia dirishani. Hakwenda kumwita kwa sababu gari lilikuwa linakuja.

Mdogo wake Kimya alikufa saa nane kasorobo. Kama seva ingesema hapana, neno moja tu, angekuwa hai. Siku hiyo skrini ilikuwa kijani kutwa, na Kimya alikuwa amekaa chini yake akirekebisha kitu kingine.

Ndiyo maana Jumatatu ile, baada ya pole zote, aliifungua orodha ya adabu na kushuka hadi mwisho. Chini ya zahanati ya arobaini na moja aliandika majina matatu ya Mkurugenzi pamoja na namba yake ya uajiri. Kiufundi mstari huo haukuwa na maana, kwa sababu Mkurugenzi hakuwa zahanati na hakuwahi kuomba gari la wagonjwa maishani mwake. Seva iliukubali bila kulalamika. Kimya alihifadhi faili saa nne kasoro dakika mbili.

Saa nne kamili Mkurugenzi aliagiza chai. Katibu muhtasi wake, mama mmoja aliyemletea chai ya saa nne kwa miaka saba, alimtazama kwa upole.

"Asante. Ombi lako limepokelewa," alisema, akaendelea kupiga chapa.

Chai haikuja. Mkurugenzi aliagiza tena, akashukuriwa tena. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe jikoni na birika. Bomba alipolifungua lilimwambia asante, ombi lake limepokelewa, na halikutoa hata tone. Mhudumu aliyekuwa akiosha vikombe pembeni alisema bomba hilo siku hizi lina maneno mengi, akasogea ampishe.

Jioni gari lake lilimshukuru alipowasha ufunguo, akarudi nyumbani kwa miguu. Mlango wa nyumba ulimshukuru. Mkewe, ambaye ndiye aliyeufungua kwa sababu alikuwa anatoka kumwaga takataka, aliombwa chakula akamshukuru mumewe vizuri sana, kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu wachumbiane. Aliuomba usingizi, na usingizi ulimshukuru. Alikwenda kwa daktari, akashukuriwa akiwa amevua shati. Alisali pia. Alichojibiwa huko hakituhusu.

Katika siku mbili za mwanzo utaratibu ulijulikana. Alichopewa kabla hajaomba alikipata. Alichokiomba kilipotea, na aliyekwisha kuombwa hakuweza tena kukitoa hata angetaka. Mtu mwingine angeweza kuishi hivyo, kwa kunyamaza na kusubiri. Lakini huyu alikuwa ameagiza, ameamuru na amepiga kengele kwa miaka ishirini, na mdomo wake ulimtangulia kila mahali. Mkewe alikuwa akija na sahani, hatua tatu tu zimebaki, yeye anasema "Leta." Mama wa watu anasimama, anamshukuru, anarudi na sahani jikoni.

Kimya alifurahi. Hakuna haja ya kulizungukazunguka jambo hilo. Kila asubuhi alimtazama Mkurugenzi akipanda ngazi, maana lifti ilikuwa inamshukuru, akahesabu matundu ya mkanda wake. Siku ya tatu lilikuwa limeongezeka tundu moja, siku ya tano mawili. Midomo ilimpasuka. Kimya, ambaye tangu mazishi chakula kilikuwa hakimpiti kooni, alianza kula vizuri, akaomba na kuongezewa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, walisema watu wazima, kwa binadamu mchungu. Yeye alitaka uingie hadi mpini.

Siku ya sita Mkurugenzi aliteremka hadi chumba cha kompyuta na kukaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. Alikuwa amejifunza kusema bila kuomba na bila kuuliza, kwa sababu swali nalo ni ombi.

"Nimeliona jina langu kwenye orodha," alisema.

"Nimeliandika mimi," Kimya alisema.

"Nina kiu."

"Mdogo wangu naye alikuwa nayo. Waliotoka damu nyingi huwa na kiu sana. Muuguzi ameniambia aliomba maji mpaka mwisho."

Mkurugenzi alitazama mikono yake. Aliipangusa midomo yake iliyopasuka kwa kiganja.

"Sikujua kama alikuwa ni mdogo wako," alisema.

"Hukutaka kujua alikuwa ni mdogo wa nani," Kimya alisema. Alivuta fomu ya kufuta, iliyokuwa tayari kwenye kompyuta, yenye zahanati zote arobaini na moja na jina la Mkurugenzi mwishoni kabisa. "Weka kadi hapo. Wakitoka wao, nawe unatoka. Ndiyo sharti langu, sina lingine."

Mkurugenzi hakubishana. Yalikuwa yamemfika shingoni. Alivua kadi, akaigusisha kwenye kisomaji na kubonyeza kitufe. Inafaa kumtendea haki hapa: wakati ule alitaka kwa moyo wote zile zahanati zitoke. Pengine ni mara ya kwanza katika utumishi wake kutaka kitu kinachomhusu mtu mwingine.

Kompyuta ilimwambia asante, ombi lake limepokelewa.

Orodha ilibaki na majina arobaini na mawili. Kimya aliichukua kadi na kubonyeza mwenyewe, lakini kompyuta ilikuwa imekwisha kuombwa siku hiyo, ikamshukuru naye. Mkurugenzi alibonyeza tena, akashukuriwa tena. Walibaki wameikodolea macho skrini, mmoja huku, mwingine kule. Mwenye kadi alikuwa ndani ya orodha, na aliyemtia humo alikuwa Kimya. Siku ile hakukubali kuliona hivyo. Alijiambia kwamba angalau mtu huyu atakufa, akafunga kompyuta na kwenda nyumbani kumbeba mtoto wa marehemu, ambaye alikuwa ameanza kumtambua mama yake mkubwa kwa harufu.

Mkurugenzi hakufa, kwa sababu alikuwa na dereva.

Dereva huyo alikuwa mtu wa makamo, mwenye mwanya, mpole, aliyependa kumwita kila mwanamke wa ofisini dada hata kama ni bintiye kwa umri. Ndiye aliyewapeleka wafanyakazi mazishini, na kaburini alishika jeneza upande wa miguu bila kuambiwa na mtu. Kazi ilikuwa imemfundisha kujua bosi anataka nini kabla bosi hajafungua mdomo: kona gani akate, dirisha lipi ashushe, lini azime redio. Alikuwa likizo wiki nzima. Siku ya saba alirudi, akamwona bosi wake amekaa kwenye kochi la ofisi amefumba macho, akaenda jikoni akachota maji, akamshikisha glasi mkononi.

Mkurugenzi alikunywa. Alikunywa glasi ya pili na ya tatu, na safari hii aliubana mdomo wake kwa mkono. Kisha, bila kusema neno, alivua kadi shingoni, akaiweka mezani na kutazama chini, upande wa chumba cha kompyuta. Dereva aliichukua akateremka.

"Dada, nimeambiwa, yaani sikuambiwa, nimeelewa tu," alimwambia Kimya. "Nimekuja kumfuta bosi kwenye kitu fulani."

"Futa na hizi zote," Kimya alisema, akamwonyesha fomu ya jana.

Dereva aliisoma taratibu, akifuata kwa kidole. Alipofika zahanati ya tisa alisema hiyo iko karibu na kwao. Alipofika mwisho alikuna kichwa.

"Kadi si yangu, dada. Nikibonyeza kitu kisichokuwa changu nitafukuzwa. Ngoja nikamwite mwenyewe."

Alimfuta Mkurugenzi, kwa kuwa hilo alikuwa amelielewa, kisha akapanda juu na kurudi na bosi wake. Mkurugenzi alikuja na glasi mkononi. Mgongo wake ulikuwa umenyooka tayari.

"Hizo zahanati tutaziangalia," alisema.

"Jana ulikubali kuzitoa zote."

"Jana nilikuwa na kiu," Mkurugenzi alisema. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa anaeleza. "Alhamisi wafadhili wanakuja kuangalia skrini. Baada ya hapo tutakaa, tutalizungumza kwa utulivu. Sasa hivi hatuna haraka."

Alivaa kadi yake, akamwomba dereva amfungulie mlango, na mlango ukafunguliwa.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini waliacha kutaja muda. Huyu alikuwa na kiu siku sita na akaisahau kwa glasi tatu. Kimya alikaa na hasira yake mpaka kila mtu alipoondoka. Hakulia. Mara mbili aliinua simu ampigie mama yake na mara mbili akairudisha, kwa sababu alijua angeambiwa amwachie Mungu, na hakuwa tayari kumwachia mtu yeyote.

Alhamisi asubuhi aliifungua orodha. Aliandika majina matatu ya Mkurugenzi, safari hii akayasoma tena kuhakikisha hakuna herufi iliyopungua. Kisha akafikiri. Mtu huyu alikuwa na mkono wa pili, na mkono huo ukiendelea kumchotea maji na kumbebea kadi, orodha haina maana. Basi chini ya Mkurugenzi aliandika jina la dereva. Dereva hakuwa amemkosea kitu. Kimya alilijua hilo wakati anaandika, akamaliza jina la kwanza, akamaliza jina la pili, akahifadhi.

Wafadhili walikuja saa nne, wakatazama kijani, wakapiga picha mbele yake. Mmoja aliuliza ikiwa ni kweli kwamba hakuna ombi linalokosa jibu. Kimya alisema ni kweli. Saa tano waliondoka na Mkurugenzi kwenda kula hotelini, kwenye basi lao wenyewe, naye akapanda bila kuomba kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Kadi ilikuwa shingoni mwake.

Saa saba kasoro robo dereva aliingia chumba cha kompyuta akihema. Alikuwa na kiatu kimoja cha kazini na kandambili moja.

"Dada, baba yangu kaanguka bafuni. Hasemi, jicho moja limegeuka. Nimeomba gari kwa simu, wakanijibu wamepokea, sasa saa nzima. Nimekuja kuchukua gari la bosi limpeleke, nimewasha, limenijibu maneno yale yale."

Alikuwa amekaa na Mkurugenzi muda wa kutosha, na hakuwa mjinga.

"Kuna mtu kaniandika," alisema. "Sitaki kujua nani. Hilo tutaongea siku nyingine, au tusiongee kabisa. Wewe uko karibu na mashine. Niangalizie tu, dada, gari lipo au halipo. Kama halipo niambie halipo, nimbebe mgongoni."

Kimya aligeukia kompyuta. Magari yote yalikuwa nje, hakuna lililokuwa linaelekea kwao dereva, na hakuna ambalo lingeelekea. Jibu alikuwa nalo, fupi kuliko majibu yote. Alijaribu kunyoosha mkono ampigie mtu simu, na mkono ukabaki pajani. Alikuwa amekwisha kuombwa. Akasimama, akamshika dereva bega, akafungua mdomo amwambie halipo, kimbia.

"Asante," alisema. "Ombi lako limepokelewa."

Dereva hakumtukana. Aliuondoa ule mkono begani mwake, taratibu, kama anavyoondoa mkanda wa gari abiria akiwa amelala, akateremka ngazi.

Kimya alikwenda dirishani. Aliona kila kitu kwa sababu jua lilikuwa la utosi na barabara ilikuwa nyeupe. Dereva alisimamisha teksi, teksi ikasimama, mwenye teksi akashusha kioo, akasema naye kidogo, akapandisha kioo na kwenda zake. Alimsimamisha mwenye bodaboda. Aliingia duka la dawa akatoka, akaingia kwa fundi wa magari akatoka. Alianza kugonga milango ya nyumba, upande huu na upande ule. Ilifunguliwa yote, hakuna aliyemfukuza, na kila aliyefungua alitikisa kichwa kwa heshima na kusema maneno ambayo Kimya hakuyasikia lakini aliyajua kwa mwendo wa midomo. Nyuma ya mgongo wake, ukutani, hakukuwa na nukta hata moja nyekundu. Dereva alivua kandambili ili akimbie vizuri, akapinda kona, akaenda kugonga milango ya mtaa wa pili.